Fungu la Tuan

Mama yake Raja Kornelius, mkuu wa kijiji cha Lumban Harambir, alikata roho asubuhi, chungu cha wali kikiwa bado hakijachemka, na hakuna mtu nyumbani aliyejua alie vipi. Kulia kwa maneno, kama wanawake wa Lumban Harambir walivyolia tangu zamani, kanisa lilikuwa limekataza. Wakilia kimya kimya wataonekana hawakumpenda. Basi wanawake wakauzunguka mkeka, wakipenga makamasi na kumtazama Mama Marihot, mke wa Raja, aanze yeye.

Mama Marihot hakuanza. Alikuwa anamvalisha marehemu nguo safi na kuongea naye kama walivyozoea kuongea kila asubuhi. "Lete mkono, Mama. Haya, na huu mwingine. Umekuwa mwepesi kweli."

Raja alisimama mlangoni na koti lake jeusi, kofia mkononi. Alikuwa mtu wa kimo kirefu, na koti lilimbana mabegani tangu siku ya kwanza, lakini hakuna aliyewahi kumwona akienda kwenye shughuli yoyote bila hilo koti.

"Baba Marihot," mkewe akamwita bila kugeuka, "jana usiku alisema nini?"

"Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nataka na hawa wasikie kinywani mwako."

"Alisema asiondoke kimya."

Wanawake wakatikisa vichwa. Bibi alikuwa na haki hiyo. Alikuwa amemzika mume, amewaoza watoto wote, na ameona wajukuu kwa wana na kwa mabinti. Mtu wa namna hiyo haombolezwi tu, anasindikizwa: ngoma zinapigwa, watoto na wajukuu wanacheza mbele ya jeneza, na wajomba, yaani ukoo alikozaliwa, wanamfunika shuka ya mwisho. Asipopata hayo ataondoka kama mgeni aliyelala usiku mmoja. Lakini ngoma zilikuwa zimepigwa marufuku. Aliyetaka kuzipiga aliomba ruhusa kwa afisa wa Kiholanzi kule mjini, na afisa hakutia sahihi kabla ya kumwuliza Tuan Kessler, pandita wao, mchungaji wa Kijerumani. Kila mtu alijua Tuan atajibu nini.

"Naenda kwa Tuan," Raja akasema.

"Kumwambia nini?"

"Yeye ndiye aliyenivika. Aliyekuvika hakuachi siku ya msiba."

Mama Marihot akageuka sasa, akamwangalia mumewe kutoka kichwani hadi miguu mitupu. "Wajomba zako nao walikuvika, Baba Marihot. Tena wewe ukiwa mchanga, hata shingo haijakaza. Na wao wako njiani na ngoma zao."

Raja akavaa kofia. Akashuka ngazi.

*

Kwao nguo haitolewi ovyo. Nguo hutoka kwa ukoo uliomzaa mama yako au uliokupa mke. Wao hukutandika shuka mabegani, wewe huwapa nyama, na maisha yako yote ukiwaona wanakuja unasimama. Kwa hiyo siku ile ya ubatizo, Tuan alipomvika koti jeusi mbele ya watu wote, Raja alijua mara moja amefungwa kwenye undugu gani. Tangu siku hiyo kila alipochinja alimpelekea Tuan fungu la heshima. Tuan alipotaka kilima cha kujengea kanisa, Raja alimpa kilima cha baba yake. Aliposema ngoma za kijiji ni za mashetani, Raja alizishusha darini kwa mikono yake mwenyewe, zikafungwa kwenye majani makavu, zikapelekwa Ulaya. Hakumwuliza Tuan kama naye ameuelewa undugu huo hivyo hivyo. Mambo kama haya hayaulizwi. Nani anamwuliza mjomba wake kama ni mjomba?

Alimkuta Tuan barazani. Sanduku kubwa la mbao lilikuwa limefunguliwa, na mke wa Tuan, Nyonya, alikuwa anatoa nguo humo, anazikung'uta na kuzipanga. Pembeni, mtunza bustani yao aitwaye Sabungan alikuwa anajaribu koti jeusi.

"Kornelius!" Tuan akainuka, akamshika mikono yote miwili. "Nimesikia. Pole sana, ndugu yangu. Kaa, kaa. Nyonya atatuletea kahawa."

Tuan alikuwa mtu mwema, na hili ndilo lililokuwa gumu kumwelezea mtu baadaye. Alikuwa amempa bibi dawa ya homa kwa mkono wake. Alikuwa anaijua lugha yao kuliko vijana wao.

"Tuan," Raja akasema, "nimekuja kwako kama mwana."

"Sema."

"Mama ameomba asiondoke kimya. Naomba ngoma, siku moja tu. Ukimwandikia afisa neno moja, atakubali."

Tuan akafumba macho kidogo. "Unajua siwezi."

"Najua. Ndiyo maana sikutuma mtu, nimekuja mwenyewe."

"Kornelius, nikikuruhusu wewe leo, kesho nitamkatalia nani? Wewe ndiye wanayekutazama. Ngoma zile zinaita roho za wafu. Wewe umezikana mbele ya madhabahu, nami nilikuwepo."

Raja alikuwa amelitegemea jibu hilo. Njia nzima alikuwa anajiandaa nalo. Akajikaza, akatoa ombi la pili ambalo ndilo lililomleta hasa. "Basi tarumbeta. Vijana wa kanisa waje na tarumbeta zao, kama walivyomsindikiza mwalimu mwaka jana. Mama hatajua tofauti. Atasikia tu kwamba kuna sauti."

"Tarumbeta ni za waliobatizwa."

"Tuan."

"Nilimfuata mara ngapi mama yako? Nilikaa mkekani kwake. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Mume wangu yuko wapi?' Nikamwambia ukweli, kwamba alikufa bila kumjua Mungu. Akasema, 'Basi nitakwenda huko huko, maana hajui kujipikia.'" Tuan alitabasamu kwa huzuni, akatikisa kichwa. "Alichagua mwenyewe. Mimi siwezi kumzika kama Mkristo. Ningekuwa ninamdanganya yeye na ninawadanganya ninyi."

"Na kengele?"

"Kengele pia."

Kengele ile Raja ndiye aliyeileta. Watu wake waliibeba mabegani kutoka pwani, milima yote ile, na mmoja wao alivunjika mguu akabaki kilema. Alitaka kusema hivyo, akaona ni kama kudai.

Sabungan akaja mbele amevaa koti lake, amefunga vifungo hadi shingoni, akainama kwa heshima. "Pole kwa msiba, Raja." Mabega yalikuwa yale yale, kola ile ile, hata mshono wa mfukoni ulikuwa umepindwa vile vile. Walisimama wakitazamana, Raja na mchimba viazi wa Nyonya, kama mapacha walioshonewa na mama yao.

"Tuan," Raja akauliza polepole, "koti langu nalo lilitoka kwenye sanduku kama hili?"

"Ndiyo, bila shaka. Watu wema wa kwetu hutuletea kila mwaka. Nguo ambazo hawazihitaji tena, kwa ajili ya maskini." Tuan akamtazama, na kwa mara ya kwanza akaonekana hana uhakika. "Kwa nini? Limechakaa? Nyonya, mtafutie Kornelius lingine."

"Hapana," Raja akasema. "Halijachakaa."

Alipofika kwenye ngazi Tuan akamfuata, akamwekea mkono begani. "Ninamtuma mtu chuoni akamwite mwanao Marihot aje amzike bibi yake. Lakini uwe mwangalifu. Chuo hakimtunzi mwanafunzi ambaye nyumbani kwao ngoma imepigwa. Sheria hiyo sikuitunga mimi."

*

Wajomba walifika adhuhuri. Waliongozwa na Mjomba Humala, mdogo wake marehemu, mzee mfupi mwenye meno meusi kwa tambuu. Nyuma yake vijana walibeba ngoma zimefunikwa mikeka, na binti mmoja alibeba kichwani shuka imekunjwa, nyekundu iliyoiva, ambayo ilikuwa imefumwa miaka mingi iliyopita kwa ajili ya siku hii.

Raja aliwapokea kwa tambuu, akakaa chini mbele yao, akawaeleza. Alieleza vizuri, maana alikuwa msemaji. Alitaja sheria ya Waholanzi, alimtaja Marihot na chuo chake cha ualimu, akamaliza kwa tarumbeta na kengele alizonyimwa. La sanduku hakuligusa. Hilo alikuwa amemwambia mkewe tu, kule jikoni.

Mjomba Humala alitafuna hadi mwisho wa maelezo, akatema.

"Sasa nisaidie, mpwa wangu, maana mimi ni mzee. Ngoma hakuna kwa sababu wewe ni Mkristo."

"Ndiyo, Mjomba."

"Na tarumbeta hakuna kwa sababu yeye si Mkristo."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo dada yangu amekosa huku kwa dhambi yako, akakosa kule kwa dhambi yake." Akawageukia watu wake. "Mmeona hesabu hiyo? Huyu ndiye mnayemwita Raja. Kilima katoa, kengele kabeba, ngoma kapeleka Ulaya zikatazamwe na watoto. Na leo hata kijitarumbeta cha kumliwaza mama yake hana."

Vijana wakacheka chini chini. Angekuwa mtu mwingine, Raja angemjibu, lakini mjomba hajibiwi.

"Shuka tumeileta," mzee akaendelea. "Lakini hatumfuniki mtu katika kimya. Shuka hutandazwa watu wakicheza. Hiyo si sheria yangu, na wewe unaijua."

Hapo Mama Marihot akapiga magoti nyuma ya mumewe. "Mjomba, wageni hamjala. Tuacheni kwanza sisi wanawake tutwange."

"Twangeni," mzee akasema kwa hasira. "Nani amewazuia kutwanga?"

"Hakuna," Mama Marihot akasema. "Ndiyo maana nimesema."

Nyumba ile ilisimama juu ya nguzo, na kinu chake kilikuwa gogo refu chini ya sakafu, lenye mashimo ya kutosha wanawake sita. Walishuka, wakafunga nguo viunoni, wakamimina mpunga. Mwanzoni walitwanga kama siku zote. Halafu Mama Marihot akachelewesha mchi wake nusu pumzi, wa pili akaingia kwenye pengo, wa tatu akajibu, na ghafla chini ya nyumba pakawa na mdundo ambao kijiji kile kilikuwa hakijausikia tangu ngoma zifungwe majani. Mbao za sakafu zilitetemeka. Mkeka wa marehemu ulitetemeka nazo.

Mjomba Humala aliacha kutafuna. Akasikiliza. Kisha akainuka taratibu, akaunganisha viganja mbele ya kifua, magoti yakaanza kupanda na kushuka. Aliyemtazama usoni aliona machozi. Watu wake wakasimama mmoja mmoja. Raja naye akasimama na koti lake linalombana, akacheza mbele ya mama yake, na kwa muda ule, ambao haukuwa mrefu, alikuwa na furaha kuliko alivyokuwa siku yoyote tangu abatizwe.

*

Marihot alikuja na njia ya mashamba, viatu mkononi visichafuke, amevaa koti jeupe la chuo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na nyumba nzima ilikuwa imeegemea masomo yake. Hakupanda ngazi. Alikwenda moja kwa moja chini ya nyumba.

"Mama, wekeni michi chini."

"Shikamoo huijui siku hizi?" Mama Marihot akasema akiendelea. "Nawatwangia wageni mchele. Au na wali nao umekatazwa?"

"Tuan anasikia kutoka kanisani, Mama. Nimepita kwake. Amesema hajui ni kinu au ni ngoma, na ameniambia nije nitazame kwa macho yangu nimrudishie jibu. Kwa kiapo."

"Sasa umetazama. Ni kinu."

Marihot akainama, akachota kiganja kutoka kwenye shimo la kinu, akakifungua mbele ya mama yake. Kilikuwa na unga mtupu na makapi. "Mchele umeshakwisha zamani, Mama. Mnatwanga makapi. Nikaape nini?" Sauti yake ikakatika, akawa tena mtoto. "Nimempenda Bibi kuliko nyote. Lakini wakinifukuza, nitarudi hapa kufanya nini? Kubebeshwa mizigo ya Waholanzi?"

Michi ilikuwa inapungua mmoja mmoja. Mwisho ukabaki wa Mama Marihot peke yake. Juu, watu walikuwa wamesimama mikono imeungana, wakimtazama Raja. Alikuwa amesikia kila neno kupitia mbao.

Angeweza kunyamaza tu. Mkewe alikuwa anatwanga hivyo, pigo moja moja, kumpa nafasi ya kunyamaza. Alimtazama mama yake, akaitazama shuka nyekundu iliyokuwa tayari mikononi mwa mjomba, nusu imekunjuliwa. Kisha akamfikiria kijana aliyekuwa amesimama chini na kiganja cha makapi.

"Mama Marihot," akaita. "Acha kutwanga."

Pigo moja zaidi lilisikika, la nguvu, halafu basi.

Mjomba Humala alianza kuikunja shuka. Aliikunja kwa uangalifu, pembe kwa pembe, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Raja akapiga magoti, akamshika miguu.

"Mjomba, nipige, nitukane, lakini mfunike. Ni dada yako."

"Una mtu anayekuvika," mzee akasema. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililouma. "Mwambie aje amfunike."

Waliondoka na ngoma zao bado zimefunikwa mikeka. Chakula hawakugusa.

Jua lilikuwa linateremka na kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Raja alikaa kando ya mama yake muda mrefu, kisha akaanza kufungua vifungo vya koti. Alikuwa ameshalivua mkono mmoja mkewe alipopanda ngazi, vumbi la makapi kwenye nywele, akamwona.

"Usithubutu," akasema. "Usimfunike mama yangu kwa nguo ya sandukuni."

Akavua shuka yake mwenyewe kutoka begani, ya rangi ya bluu iliyochakaa kwa kufuliwa, akamtandazia mama mkwe wake kuanzia kidevuni hadi miguuni. Haikuwa nafasi yake kumfunika. Nguo haitoki kwa mkaza mwana kwenda kwa mama mkwe, na kila mtu pale alijua. Lakini hakuwepo aliyebaki wa kumkataza.

Bibi alizikwa kimya. Vilisikika jembe na udongo tu, na Marihot alisimama mbali kidogo, mahali ambapo angeweza kuapa kwamba hakushiriki.

*

Baada ya mavuno Mjomba Humala alimwoza mwanawe, na Raja akaalikwa. Mama Marihot alifurahi kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Wamekusamehe," akasema. "Mtu hamwaliki asiyemtaka." Akamtolea shuka ya zamani kutoka darini, na Raja akaenda bila koti, shuka begani, kama mpwa wa watu. Alipokuwa anatoka mkewe alimwita. "Nitabandika chungu. Njoo na fungu letu mapema, tule nyama ya kwetu."

Kwenye karamu nyama hugawiwa kwa sauti. Msemaji husimama juu ya jukwaa, huinua fungu, huita jina, na mwenye jina huitika mbele ya watu wote. Asiyeitwa hana mahali duniani. Taya la nyati ni la raja, shingo ya wakwe, mbavu za ndugu, na hata mpita njia hupata kipande chake.

Raja Kornelius alikaa mbele. Taya likaitwa, akapewa raja wa kijiji kingine. Alijiambia ni sawa, yeye hapa ni mpwa. Zikaitwa mbavu. Yakaitwa mafungu ya wapwa, jina baada ya jina, na yule aliyekaa kulia kwake akaitika, na yule wa kushoto. Kapu lilikuwa limebaki na kipande kimoja, kizuri, chenye mafuta.

Mjomba Humala mwenyewe akapanda jukwaani, akakiinua.

"Hili fungu la Tuan Pandita!" akaita. "Hatukumsahau. Tuan hayupo. Nani mtu wa nyumbani kwake, ampelekee?"

Hapakuwa na haja ya kutaja jina. Watu wote waligeuka. Hapakuwa na kicheko hata kimoja. Wangecheka, angeweza kukasirika. Raja alikaa akihesabu pumzi zake, akijua kwamba akikaa hapo hadi jioni hataitwa kwa kitu kingine. Kisha akainuka, akaenda mbele, akapokea fungu kwa mikono miwili.

Tuan alifurahi sana. "Kutoka kwa Humala? Humala yule yule?" Akamshika Raja mkono. "Unaona, Kornelius? Mioyo inalainika. Uvumilivu wako siku ile ya mama yako umefanya kazi kuliko mahubiri yangu yote." Lakini tumbo la Tuan halikuyapenda mafuta siku hizo, kwa hiyo akamwita Sabungan. Sabungan akaja amevaa koti lake, akaipokea nyama, akamshukuru Tuan, akamshukuru na Raja.

Mama Marihot alikuwa amekaa mbele ya moto. Chungu kilikuwa kinachemka, chumvi, pilipili na tangawizi vimekwisha kusagwa na kuwekwa kando. Alitazama mikono ya mumewe, akatazama nyuma yake mlangoni, kama kuna mtu anamfuata amebeba.

"Hawakukuita?"

"Waliniita," Raja akasema.

"Na fungu?"

"Nimelipeleka."

Mama Marihot akainuka. Halafu akaepua chungu, akamwaga maji nje kupitia dirishani, akaanza kupika wali.